Mwaka wa Vita Chumba cha Nyuma

Mdogo wa marehemu mume wangu ni fundi wa miwani, na tangu ujana wake watu wanamwita Bwana Lenzi. Hana mke, hana mtoto, hana ugomvi na mtu. Ukimpelekea fremu iliyokanyagwa, ataigeuzageuza mkononi kama daktari anayetafuta mshipa, kisha ataguna. Akiguna mara moja, miwani yako itapona. Akiguna mara mbili, kanunue nyingine. Kaka yake alipotutoka alihamia kwangu, chumba cha nyuma, ili nyumba isikose sauti ya mwanamume. Sauti yenyewe, kama nilivyosema, ni ya kuguna.

Mwaka uliopita ulimbadilisha. Ulianza pale muuza rangi wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alipoleta miwani ya kukuza iliyolegea skrubu. Katika kutoa miwani mfukoni, kikadondoka kiaskari cha plastiki, urefu wake haupiti kidole gumba. Bwana Lenzi alikiokota, akakiweka chini ya lenzi yake ya kazi.

"Ana macho," alisema.

"Ana macho na ana hasira," alijibu muuza rangi. "Mwezi mzima kalala na viatu."

Ikawa ndiyo hiyo. Wiki iliyofuata shemeji alirudi na boksi la askari wasiopakwa rangi, na muuza rangi nyuma yake amebeba ubao. Mchezo wao ni huu: meza inageuzwa nchi, yenye vilima vya boksi na mto wa kitambaa cha buluu. Kila mmoja ana jeshi lake. Askari wanasogea kwa kipimo, wanapigana kwa dadu. Wanacheza Jumamosi, na jioni wanapeana mikono, wanapanga vitu, basi.

Sasa, mimi nimekuwa mkaguzi wa shule miaka mingi, na mume wangu aliongoza shule ya sekondari hadi siku aliyougua. Picha yake na wahitimu wake imejaa ukuta mzima wa sebule. Jina la nyumba hii halijawahi kutafunwa na mtu. Kwa hiyo nilipomkuta mtu wa miaka sitini amepiga magoti, anampaka farasi mkia kwa brashi ya unywele, nilisimama mlangoni.

"Shemeji, watu wakiona?"

"Wataona askari."

"Wataona mtu mzima na vidoli."

Alifikiri. "Basi tufunge dirisha, shemeji."

Tukafunga. Niliongeza na pazia la pili, na wachezaji nikawaonyesha mlango wa uani.

Nyuma ya dirisha lile mwaka ulikwenda vizuri. Jeshi lake la kwanza lilionekana kama lililotumbukia kwenye pipa la chokaa. Lakini mkono uliozoea skrubu za miwani haukawii kujifunza, na kufikia katikati ya mwaka aliweza kumtia askari vifungo vya koti na kila kifungo kikang'aa. Muuza rangi alikuja kuvitazama kwa lenzi, akanyamaza, jambo ambalo mkewe aliniambia hajalishuhudia tangu wafunge ndoa.

Kupigana ndiko kulikomshinda. Alishindwa na muuza rangi. Alishindwa na nesi wa zahanati aliyejiunga nao. Siku moja muuza rangi aliitwa dukani ghafla, mkewe aliyekuja kufuata funguo akashika dadu kumsubiri, na shemeji akashindwa na huyo pia, naye mama wa watu hajui hata askari wake ni wepi. Mezani wakati wa chakula binti yangu alikuwa akimchokoza:

"Baba mdogo, leo vipi?"

"Leo nimekufa vizuri."

"Juzi si ulikufa vizuri pia?"

"Juzi nilikimbia. Leo nimekufa. Ni maendeleo."

Huyu binti yangu ana mchumba, kijana mpole, mhandisi wa maji. Baba wa kijana ni mpima ardhi mstaafu, mtu anayeheshimika na asiyecheka ovyo. Mipango ilikuwa imefika mahali pazuri, imebaki kupanga tarehe. Mara tarehe ikaanza kusogea. Leo mzee ana mafua, kesho ana safari. Mwaka ukiwa unaelekea ukingoni, binti alirudi kutoka kazini uso umemshuka, akakaa kitandani kwangu bila kuvua viatu.

"Mama, baba yake anauliza nyumbani kwetu kuna nini Jumamosi."

"Kuna nini kivipi?"

"Ameambiwa kuna dadu. Kuna wanaume wanaingia kwa mlango wa uani, madirisha yamefungwa, na mtu anapiga kelele kwamba amemaliza watu sita. Amesema mwanawe haoi kwenye nyumba ya kamari."

Kamari! Katika nyumba ya mwalimu mkuu! Nilitaka kuvaa viatu niende kwake saa ile ile. Lakini nikifika nimwambie nini? Kwamba si kamari, ni mtu wa miaka sitini anacheza na vidoli? Nilizunguka chumbani mpaka binti akasema nitatoboa sakafu. Mwisho nikaenda chumba cha nyuma, nikamweleza shemeji yote. Alisikiliza, brashi mkononi.

"Nimebakiza mchezo mmoja, wa kufunga mwaka," alisema. "Sijashinda hata mara moja, shemeji. Nipe huo, kisha nifunge boksi. Harusi ya mtoto ni kubwa kuliko farasi wangu."

Ningemkatalia vipi? Nilimpa, kwa sharti la sauti ya chini.

Jumamosi hiyo, chai ikiwa mezani, nikasikia hodi. Alikuwa mpima ardhi, peke yake, amevaa koti. Nilimkaribisha sebuleni. Aliitazama picha ya mume wangu kwa muda mrefu, akaniuliza afya, nikamjibu, nikamuuliza yake. Tulikuwa tumefika kwenye mvua za mwaka huu, na binti anamimina chai, dadu zikalia nyuma, kisha ile tarumbeta:

"Leo umekwisha, mzee! Leta roho zako hapa!"

Na sauti ya shemeji, taratibu: "Bado nina farasi."

Mpima ardhi aliweka kikombe chini. "Mama, nisamehe. Naomba nione."

Binti alinitazama, birika bado mkononi. Nikainuka. Kama jina letu lilikuwa la kuanguka, lisianguke nikiwa nimekaa. Nikafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Joto lilitupiga usoni. Wawili wale walikuwa wameinama juu ya meza, jasho linawatoka, wala hawakutuona. Wapanda farasi wa shemeji walikuwa wamejipanga mbele ya mizinga ya muuza rangi. Farasi wanaruhusiwa sentimita thelathini, isizidi hata unywele. Shemeji alikuwa ameshatamka kwamba wanashambulia, na akishatamka hafuti; wasipofika, wanabaki wazi kwa mizinga. Alilaza futi ya kushonea kutoka kwato hadi mzinga.

"Ishirini na tisa na nusu," alisema.

Muuza rangi aliinama kusoma. "Umefika, mwanaharamu wewe! Mwaka mzima nakupiga, leo..." Akainua kichwa, akatuona. "Samahani sana, mama. Shikamoo, mzee."

Mpima ardhi alikuwa ameshainamia meza, mikono nyuma. "Hiyo futi ni ya nguo?"

"Ndiyo," alisema shemeji.

"Za nguo huvutika zikizeeka, zikasoma pungufu. Umeitoa wapi?"

"Kwenye kikapu cha shemeji. Ile nzuri nilimwachia mwenyewe, nisije nikamsumbua. Nikachukua hii ya chini, ndiyo ninayopimia mwaka mzima."

Wote wakanigeukia. Niliijua futi ile. Niliwahi kupima kwayo madirisha ya sebule, nikanunua kitambaa dukani kwa kipimo hicho, na mapazia yakaja mafupi kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Neno moja tu, kwamba ni nzima, na shemeji angepata ushindi wake wa pekee. Alikuwa ananitazama. Sikuwahi kumwona na uso wenye matumaini namna ile.

"Imevutika," nilisema. "Ndiyo maana niliiweka chini."

Mpima ardhi alitoa mfukoni futi ndogo ya chuma. Amestaafu, lakini anaibeba kama wengine wanavyobeba leso. Hakupima. Alimkabidhi shemeji. Shemeji aliibandika lenzi jichoni, akapima kutoka kwato hadi mzinga, akabaki ameinama.

Akaguna mara mbili.

"Acha bwana," alisema muuza rangi. "Ni unene wa ukucha! Mimi sijalalamika."

"Hawajafika," alisema shemeji, akawasogeza farasi wake sentimita thelathini tu, wakabaki uwanjani, wazi mbele ya mizinga. Muuza rangi alirusha dadu shingo upande, kama mtu anayeng'olewa jino. Farasi walianguka, na shemeji mwenyewe ndiye aliyewaondoa mezani, mmoja mmoja, kwa vidole viwili, asiwachubue rangi.

"Na mshindi hapa anapata nini?" aliuliza mpima ardhi.

"Anapata kukaa," alisema muuza rangi. "Aliyeshindwa anarudisha viti."

"Viti vyote vya nyumba hii navijua kwa uzito," alisema shemeji.

Hapo mzee yule asiyecheka ovyo alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na kilima kikaanguka. "Kumbe mwaka mzima askari wako wanapita mpaka," alisema akifuta macho, "na bado umeshindwa!"

"Ndiyo kipaji changu, mzee."

Alimchukua askari mmoja, akamsogeza kwenye taa. "Nimeambiwa hii ni nyumba ya kamari." Akamgeuza kutazama vifungo vya koti. "Nimepima mipaka ya watu maisha yangu yote. Sijaona mtu anayejirudisha nyuma mwenyewe kwa unene wa ukucha." Akamrudisha askari mahali pake. "Lakini kwa nini mnajifungia? Mtakufa kwa joto."

Nilikwenda dirishani, nikavuta mapazia yote mawili, nikafungua. Upepo ukaingia, na mtoto wa jirani akachungulia papo hapo akaanza kuwaita wenzake. Nilimwacha.

Sebuleni chai ilikuwa imepoa. Mpima ardhi aliinywa hivyo hivyo, kisha akasema, "Haya, mkwe, tarehe. Vijana wasituchoke." Mkwe! Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu mwezi uliopita, na nikasikia jikoni binti ameangusha sinia.

Boksi halikufungwa. Mpima ardhi huja Jumamosi na futi yake ya chuma kuwaamua, na sasa anajengewa jeshi lake. Ile ya nguo niliikata vipande kwa mkasi ili isimdanganye mtu tena. Shemeji aliviokota, akavipaka rangi ya vumbi, akavigundisha mezani kutoka mtoni hadi kilimani. Ni barabara nzuri. Majeshi yote mawili huipita, na dirisha likiwa wazi watoto huhesabu askari kwa sauti.