Lawama Zote kwa Brashi ya Nnalongo

Saa mbili asubuhi, Ndeeba, Kampala. Misumeno imeshaanza kupiga kelele, na Robinah Nakayiza amepiga magoti juu ya maranda, anapaka gundi ubavuni mwa ubao wa mvule. Habanii wala hamwagi. Anaacha utando mmoja uliofunika ubao wote, kisha anageukia ubao wa pili.

"Tayari, shemeji," anasema, anasogea pembeni.

Kazi yake inaishia hapo. Yozefu Lubowa, kaka wa marehemu mumewe, anaunganisha mbao, anafunga klampu, vile vibano vya chuma, na kukaza. Anakaza mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Gundi inachuruzika, inadondoka sakafuni. Jamani, inauma kuitazama.

"Jasho langu lile pale chini," Robinah ananong'ona.

Hapa wanamwita Nnalongo, kwa kuwa ni mama wa pacha. Karakana aliianzisha mumewe, Kizito, aliyefariki miaka minne iliyopita. Matanga yalipokwisha, ukoo ukamkabidhi Lubowa vifaa mpaka wale pacha wakue. Mjane akapewa brashi, na shilingi elfu kumi kwa siku, ambazo zinaishia kwenye ndizi na mkaa. Klampu za marehemu akaambiwa asiziguse.

"Eti mwanamke akishika klampu, mbao zinagombana," anasema na kusonya. "Mbona mume wangu alinifundisha, na hazikugombana?"

Shida ni macho ya Lubowa. Hayaoni vizuri siku hizi, naye hataki kusikia habari hiyo. Randa inakwenda mrama, mbao zikikutanishwa zinabaki na upenyo katikati, na upenyo huo anauziba kwa nguvu.

"Kizito alisema ubao ukae vizuri na mwenzake kabla hujafunga kitu," Robinah anaeleza. "Klampu ni ya kushikilia tu. Gundi ikitokeza kwenye mstari kama shanga, acha hapo. Ukizidisha unaikamua yote, na ubao uliolazimishwa hausahau. Utarudi ulikotoka."

Hajamaliza, mkokoteni unasimama mlangoni. Hajjati Nabukeera, mwenye mkahawa wa barabara ya juu, ameirudisha meza yake. Imepasuka kwenye maungio, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Lubowa! Mchuzi wa karanga umepita katikati ya meza yako ukamwagikia mteja mapajani! Na suruali yenyewe ya harusi!"

Majirani wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lubowa hacheki.

"Muulize huyo," anasema, kidole kikimwelekea shemeji yake. "Mpakaji wa gundi ni yeye. Kila siku namwambia, gundi haitoshi, gundi haitoshi! Nnalongo, kwani unaila?"

Robinah anapiga magoti, anamwamkia Hajjati kama inavyopasa, kisha anapitisha kidole kwenye ufa. Pale klampu zilipobana, mti uko mtupu, mkavu. Katikati ya klampu na klampu, gundi ya wiki iliyopita ingalipo, ngumu, imeshika. Ushahidi uko wazi kwa yeyote mwenye macho. Anamtazama Lubowa, kisha anamgeukia mteja.

"Pole, Hajjati," anasema tu.

"Pole haifuti mchuzi!" Hajjati anafoka.

Lubowa anageuka. "Mwisho wa mwezi huu, brashi nampa mtu mwingine. Nimechoka kuaibishwa."

Kwa nini hakusema kosa ni la nani? Robinah anajibu baadaye, akila katogo, ndizi zilizochanganywa na maharage, lililopoa, nyuma ya karakana.

"Nikimuumbua mbele ya mteja, jioni ukoo mzima unanikalisha kitako. Watasema mjane ana kiburi. Wanangu ndio watakaopoteza karakana ya baba yao." Anaweka sahani chini. "Inaniuma, usinione nimenyamaza. Inaniuma hapa."

Chini ya kitanda chake kuna klampu mbili kuukuu, zenye kutu, alizonunua kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Jumapili huzifunga kwenye vipande vya mbao, akizungusha taratibu mpaka shanga zitokeze. Anatafuta kibaraza cha kupanga, popote penye paa. Akitoka mwisho wa mwezi, ataanzia hapo, na pacha wakikua watakuwa na pa kuanzia.

Na shemeji yake je?

Anacheka, kicheko kisicho na raha.

"Macho yale yanakwisha. Ipo siku atakuja kuomba kazi, na sitamfukuza, ni damu ya wanangu. Nitampa brashi. Na meza ikipasuka, mteja akija anafoka, nitanyoosha kidole: muulize huyo."