Jina Ambalo Mama Alikataa Kulitaja

Mama yangu ameishi na baba yangu maisha yake yote ya utu uzima, na hajawahi kumwita kwa jina lake. Kwetu mke hamtaji mumewe. Humwita Baba Fulani, na huyo Fulani ni mimi, kifungua mimba, kwa hiyo nilikua nikisikia jina langu likiitwa uani na anayetakiwa si mimi. Sisi watoto tunamwita Baba. Majirani hapa Uthiru wanamwita Mwalimu, ingawa alistaafu zamani. Hata mtoto wa kaka yangu aliyepewa jina la Baba tunamwita Babu Mdogo, kwa heshima ileile. Aliyelitamka jina lenyewe alikuwa nyanya, mama yake Baba, akimwita kutoka upande wa pili wa shamba, na nyanya alishatuacha.

Baba aliugua wakati wa kafyu ya korona. Ilianza kama mafua ya kawaida. Mama akamchemshia tangawizi na ndimu, akamfukiza chini ya blanketi mpaka akatoka jasho, tukadhani yamekwisha. Alipoanza kuhema akiwa amekaa tu, tulimkimbiza hospitali moja karibu na katikati ya jiji, na baada ya kusihi sana akapata kitanda kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Mlangoni alitupungia mkono kama mtu anayeenda dukani kununua gazeti. Jioni ile wakamlaza kwa dawa ya usingizi na kumuunganisha na mashine ya kupumua.

Hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Utaratibu wao ulikuwa kwamba kila alasiri daktari anampigia simu mtu mmoja wa familia, na huyo anawaeleza wengine. Nilichaguliwa mimi kwa sababu, walisema, sina machozi ya karibu. Kweli sina. Nilicho nacho ni hasira za karibu, na kwa kazi ile zilinifaa zaidi.

Simu hizo nilizipokelea mjini, kwa mzee wa Kihindi anayeniuzia vitambaa kule Biashara Street. Nina kibanda cha ushonaji jirani na duka lake, na siku hizo sikushona kingine ila maski. Mkewe alikuwa wodi ileile. Tulikaa pande mbili za meza yake, kila mmoja na simu mbele yake, na ikilia ya mmoja mwingine anajifanya kupanga vitambaa. "Hali haijabadilika," ndivyo daktari alivyoniambia karibu kila siku, mpaka nikaanza kuyachukia maneno hayo.

Kisha yakaja mazuri. Mapafu ya Baba yalikuwa yanapata nafuu, wakaacha ile dawa ya usingizi. Tukangoja aamke, lakini hakuamka. Siku zikapita. Daktari akanieleza kwa upole kwamba wako wagonjwa ambao pumzi inarudi na wenyewe hawarudi, kwa sababu ubongo ulikaa bila hewa ya kutosha. Wanamwita na hafungui macho. Wanamwambia afinye kidole na hafinyi. Akasema kama mambo yatabaki hivyo, itabidi familia ije tukae tuzungumze. Nilijua mazungumzo ya aina hiyo huishia wapi.

Hapo nikapandwa na hasira, nikaomba kuongea na nesi anayemhudumia. Alinipigia kesho yake asubuhi akiwa pale pale kando ya kitanda, simu akiwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, sauti ikija kwa mbali.

"Madam, sisi tunamwita kila saa. Haitiki," akasema.

"Mnamwita nani?"

"Si ni hiyo jina iko kwa kitambulisho?"

Nilicheka. Kwenye kitambulisho cha Baba kuna jina la ubatizo na jina la baba yake. Jina lake mwenyewe karani aliliacha, na Baba hakujali. Hilo la ubatizo alilitumia kwa mshahara na kwa padri. Hakuna mtu aliyewahi kumwamsha nalo.

"Sasa kwa nyumba mnamwitanga aje?" nesi akauliza.

"Baba."

"Aii, hapa kila mzee ni baba. Tafuta ile alikuwa anaitwa akiwa mdogo. Mtu anayemjua amwite na simu, mimi nitamwekea kwa sikio."

Nyumbani nilimkuta Mama anachambua maharagwe. Nilimweleza yote, na kwamba nesi atapiga tena baada ya chakula. Alipopiga tukaweka simu kwenye spika, tukajaribu kwanza yale tuliyoyazoea. Mimi nikaita, kaka yangu akaita, Mama naye akaita Baba Fulani kwa sauti yake ya kila siku. Nesi akasema hakuna kitu. Nikamgeukia Mama.

"Mimi siwezi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Hiyo jina ilikuwa ya mama yake. Mimi nilioleka hapa. Nitamwitaje kama mtoto?"

"Mama, wanataka kutuita tukazungumze."

"Basi mwite wewe."

"Mimi sauti yangu ataijuaje kwa jina hilo? Wewe ulikuwa unamsikia nyanya akimwita. Unajua lilivyoitwa."

Alinigeuzia mgongo. Niliogopa amenikasirikia, na nilikuwa tayari kukasirika pia. Kisha akatutoa wote sebuleni, akabaki na simu. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, sioni aibu kusema. Mama hakulitaja tu jina lile. Aliliita, kwa sauti ya nyanya kabisa, ile silabi ya mwisho akiivuta, na ukali kidogo ndani yake, kama mtu anayeita kijana aliyepotelea huko na mbuzi. Akarudia. Akarudia tena. 

Halafu nesi akasema, "Amefungua macho, mama. Anaangalia huku na huku. Ni kama anatafuta mtu."

Mama alikata simu, akatoka uani, akaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Daktari alinieleza baadaye kwamba kwa wazee dawa ile huchelewa kutoka mwilini, na huenda Baba angeamka siku ile hata bila kuitwa. Sikubishana naye. Najua pia kwamba jina si dawa, kwa sababu yule mzee wa vitambaa alimwita mkewe kwa majina yote, hata lile la kabla hawajaoana, na mkewe alifariki wiki ileile. Nilipokwenda kumpa pole nilikusudia kuficha habari zangu. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Yako aliamka?"

"Ameamka."

"Hiyo ni mzuri. Mzuri sana," akasema, akaanza kunipimia kitambaa ambacho sikuwa nimekiomba. Nililia pale mezani kwake, mimi nisiye na machozi ya karibu. Nilifurahi na nikaona haya kufurahi.

Baba alirudi nyumbani akiwa mifupa na macho. Nilikuwa nimedhani kutoka wodini ndio mwisho wa safari, kumbe ni mwanzo wa nyingine. Hakuweza kushika kikombe. Alitembea akiegemea ukuta kutoka chumbani hadi sebuleni, akifika anahitaji kulala. Aliwasahau wanafunzi aliowafundisha miaka mingi, na mlio wowote wa mashine, hata wa simu, ulimfanya ashike kiti kwa nguvu. Alikuwa mkali kwa mambo madogo, nami nilimjibu kwa ukali, halafu kila mmoja anaomba msamaha kivyake. Tulikaa hivyo miezi.

Lakini kwa wageni alikuwa na hadithi moja aliyoipenda. "Nilikuwa mbali," angesema, "mahali pa ukungu, na sikuwa na haja ya kurudi. Halafu mama yangu akaja akaniita."

Mara ya kwanza nilipomsikia nilifungua kinywa nimsahihishe. Mama akanifinya mkono. Tulipofika jikoni nikamuuliza kwa nini.

"Mwache. Alikuwa anamskiza sana mama yake," akasema. "Mimi nikimwita akule, anasema nakuja, na haji." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nilimwita vile nimemwita siku zote, akakaa huko. Nikamwita kama mama yake, akarudi. Sasa nitamwambia nini?"

 Niliumia kwa ajili yake, na nikamkasirikia Baba kwa kosa asilolijua.

Halafu ikawa asubuhi moja ya Jumamosi. Baba alikuwa ameketi uani akiota jua, kidevu kimelala kifuani. Mama akatoka na chai na mayai kwenye trei. "Baba Fulani," akaita.  Akaita tena, akamsogelea, na Baba hakutikisika. Nilikuwa dirishani, nikaona uso wa Mama unabadilika. Trei ikaanguka. Akaliita lile jina, palepale nje, kwa ile sauti, silabi ya mwisho akiivuta.

Baba akafungua macho. Alikuwa amesinzia tu. Alimtazama Mama, akatazama vigae vya vikombe, kisha akamtazama tena, polepole, jinsi alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyetoa jibu asilolitarajia.

"Kumbe ilikuwa wewe," akasema.

Mama alijitia kurekebisha kitambaa cha kichwa. "Wewe nini? Umeniogopesha. Ona vikombe."

"Niite tena."

"Sitaki."

"Niite."

Mama akageuka kutazama getini kama kuna jirani anayesikia. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu naye, akalitaja kwa sauti ya chini, sauti yake mwenyewe safari hii. Baba akaitika.