Kipaza Ajifunza Kunong'ona

Watu wengi tunawaona kwanza, kisha tunawasikia. Kwa Kipaza mambo yalikuwa kinyume. Ukiwa bado kwenye kona ya duka la vyuma, hujaiona mashine ya kusaga wala jengo lenyewe, sauti yake ilikuwa imeshakufikia, imeshakusalimu, imeshauliza hali ya wazee nyumbani na imeshataka kujua kama leo unataka unga laini au wenye chenga. Ukifika ndipo unamkuta mwenyewe: mtu mfupi, mpole, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu, anatabasamu kama anayeomba radhi. Wageni walikuwa wakichungulia nyuma yake kumtafuta yule aliyesema.

Sauti hiyo hakuzaliwa nayo, aliipata kazini. Tangu ujana wake aliendesha mashine ya kusaga nafaka, na mashine haina adabu. Ikianza kunguruma haimpishi mtu. Anayetaka kusikilizwa sharti aipite. Miaka ikaenda, koo likazoea, na sikio la upande wa mota likapungua nguvu. Jioni mashine iliponyamaza, yeye hakunyamaza. Aliomba chumvi mezani kana kwamba chumvi yenyewe iko mtaa wa pili. Majirani hawakuhitaji kuuliza habari za nyumba ile, kwa maana waliletewa zikiwa bado moto. Ndiyo sababu wakampa jina la Kipaza, naye akalipokea bila kinyongo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Aliketi kwenye kibaraza ng'ambo ya barabara, akitazamana na mashine, na hapo ndipo walipojuana. Mpaka leo watu wa barabara ile hukumbuka jinsi Kipaza alivyomwambia kwamba anampenda. Aliyasema mashine ikiwa inanguruma, akakusudia yasikike kwake tu, na wapita njia wakasimama na mizigo yao kungoja jibu. Alimpa jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake, ambayo yalikuwa machache lakini yalipenya.

Sasa wembamba ulikuwa umekwenda likizo. Sindano alikuwa mjamzito, mimba yao ya kwanza, baada ya kungoja kwa muda mrefu kiasi kwamba ndugu walikuwa wameacha kuuliza, na kunyamaza kwao kuliuma kuliko maswali. Kiti chake kilisogezwa nyuma ili tumbo lipate nafasi mbele ya cherehani. Utepe wa kupimia wateja, ambao siku zote aliuvaa shingoni, ulipata kazi ya ziada: kila mwisho wa wiki Kipaza alimzungushia kiunoni, akasoma kipimo, na mtaa mzima ukajua tumbo limefika wapi.

Siku moja Sindano alirudi kutoka kliniki na habari. Muuguzi alikuwa amewaeleza akina mama kwamba mtoto aliye tumboni husikia. Sauti za nyumbani huzizoea kabla hajaziona nyuso za wenyewe. Sindano aliileta habari hiyo kama mtu anayeleta zawadi. Alitazamia kwamba mumewe ataruka kwa furaha. Badala yake Kipaza aliweka kijiko chini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini ananisikia?"

Sindano alijibu kwamba kwa maneno ya muuguzi, ni muda sasa. Kipaza akashika tama, na chakula chake kikapoa mbele yake.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Dada yake Kipaza alikuwa na binti mdogo. Siku za mwanzo kabisa za mtoto yule, mjomba alikwenda kumtazama, akambeba kwa uangalifu kama anayebeba yai, akasema maneno machache tu ya kumkaribisha duniani. Mtoto alilia hadi akabadilika rangi. Wakasema ni njaa. Mjomba akarudi siku nyingine, yakawa yale yale. Sasa binti yule anatembea, anazungumza, anacheza na kila mgeni, lakini akimsikia mjomba mlangoni hukimbilia chini ya meza na hatoki mpaka aambiwe ameondoka. Dada mtu alilifanya jambo hilo utani. "Kaka, wewe hata ukimwombea mtu heri, anadhani umemlaani," alimwambia. Kipaza alicheka pamoja naye, kwa maana utani wa ndugu huchekwa, lakini ulimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Mpwa akikukimbia, unaweza kurudi kwako. Mtoto wako mwenyewe akikukimbia, utarudi wapi?

Basi akakata kauli kwamba hatasubiri. Kama mtoto anasikia tangu sasa, na yeye atajirekebisha tangu sasa.

Alianza kwa kunong'ona. Lakini kunong'ona ni ufundi, na ufundi haupatikani kwa siku moja. Mnong'ono wa Kipaza ulikuwa kama msumeno kwenye mbao mbichi. Jioni ya kwanza alimnong'oneza mkewe kumuuliza kama amefunga dirisha, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akajibu kwamba lake amefunga, asante. Sindano alicheka mpaka akalishika tumbo. Kipaza hakucheka. Aliona jinsi tumbo lilivyotikisika akadhani ni kazi ya sauti yake.

Kesho yake akaja na njia nyingine. Watu wa mashine za kusaga wana lugha yao ya mikono, kwa kuwa mdomo peke yake hautoshi pale. Kidole gumba kikisugua kidole cha pili, huo ni unga laini. Kiganja kikipepea, mteja anataka chenga. Viganja viwili vikifunguka, mfuko umejaa. Lugha hiyo ndiyo aliyoihamishia nyumbani. Sindano alipomuuliza kama ameshiba, alifungua viganja. Alipomuuliza kama shati alilomshonea linamkaa vizuri, alisugua vidole kumwambia kwamba ni laini kabisa. Mwanzoni ulikuwa mchezo, na Sindano aliucheza. Naye alipepea kiganja kumjulisha kwamba leo mgongo wake una chenga, na Kipaza akamkanda taratibu mpaka akapata nafuu.

Ila mchezo ukirefuka huacha kuwa mchezo. Mchana, mashine ikinguruma, Kipaza aliendelea kupaza sauti kwa wateja kama kawaida. Aliamini kwamba barabara na kelele vinatosha kumkinga mtoto. Akivuka kizingiti cha nyumbani tu, anazima. Sindano, ambaye mchana kutwa husikiliza malalamiko ya watu juu ya mikono mifupi na vifungo vilivyolegea, alizoea kwamba jioni ndiyo zamu yake ya kusimuliwa: nani alileta mahindi mabichi, nani aligombania foleni, nani alisahau mfuko akarudi akihema. Sasa alisimuliwa kwa mabega na nyusi. Kisha mkanda wa mashine ukakatika, mwingine ukaagizwa mbali, na ngurumo ikakoma hata mchana. Kipaza alishinda ndani ya jengo lile akisugua vyuma kwa tambara, na mtaa wote ukawa kama umefiwa.

Jioni moja Sindano aliinua uso kutoka kwenye kijinguo alichokuwa akikipinda, kifupi kama kiganja.

"Mume wangu, mimi niliolewa na mtu wa mashine," alisema. "Sikuolewa na mashine iliyozimwa."

Kipaza akafungua viganja, akavifunga. Halafu, kwa sauti aliyoiminya mpaka ikakwaruza, akamweleza yote: meza ya dada yake, binti aliye chini yake, na woga wa kuishi katika nyumba moja na mtu mdogo anayejificha kila baba anaporudi kazini.

"Sitaki anijue kwa hofu," alimaliza.

Sindano alisogea, akakaa karibu naye, akauchukua mkono wake akauweka juu ya tumbo. Waliketi hivyo mpaka ikawa lazima kuwasha taa.

Siku chache baadaye, alasiri, Sindano aliacha kukanyaga cherehani akatulia kama anayesikiliza. Mtoto hakuwa amecheza tangu asubuhi. Alikunywa maji, akajinyoosha kwa ubavu juu ya mkeka wa kibarazani, akangoja. Kimya. Hakutaka kujipa moyo kwa kubahatisha. Aliinuka akavuka barabara, na Kipaza alipouona uso wake alilitupa tambara, akamshika mkono, wakashika njia ya kliniki.

Kliniki ilikuwa imejaa. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwaingiza chumbani moja kwa moja mara alipoambiwa shida yao. Akamlaza Sindano, akampaka kitu cha kuteleza tumboni, akaanza kukipitisha kile kipimo chake cha kusikiliza moyo. Kilitoa mkwaruzo mtupu. Akakisogeza chini, akakisogeza pembeni. Huku mikono yake ikitafuta, alimgeukia Kipaza kumuuliza kama mama amekula leo na kama ameanguka au kugongwa mahali. Kipaza, badala ya kujibu, aliuliza kwa mnong'ono.

"Baba, sikusikii," muuguzi alisema.

Akanong'ona tena. Mkwaruzo ukaendelea. Sindano alikuwa ameyakaza macho darini, na mkono wake umelikamata pindo la shuka.

"Baba, sema."

Kipaza alimtazama mkewe, akalitazama tumbo. Hofu kubwa ikaisukuma hofu ndogo ikatoka nje.

"Nakuuliza, mtoto wangu ni mzima?"

Ilikuwa sauti ya siku zote zile alizojinyima, imetoka kwa pamoja. Vichupa vikalia kwenye trei. Nje, kwenye benchi, mazungumzo yakakatika. Na tumbo la Sindano, upande wa kulia, likainuka kama ngumi chini ya blanketi, likakisukuma kipimo mpaka kikateleza. Muuguzi akakirudisha palepale, na moyo ukasikika, ukienda mbio kama cherehani inayokanyagwa na fundi aliyebanwa na harusi.

"Mzima," alisema muuguzi. "Alikuwa amelala. Sasa halali tena."

Sindano alianza kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Kipaza alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Kupitia vidole alisema kwamba amemshtua, amemshtua mtoto. Muuguzi aliendelea kusikiliza kwa muda, akawasifu kwa kuja badala ya kungoja, akawataka wapumzike pale mpaka yeye mwenyewe aridhike.

"Sema naye tena," Sindano alimwambia mumewe.

Kipaza akatikisa kichwa.

"Mwambie kitu. Mimi nipo."

Akapiga moyo konde. Akainama mpaka unga uliobaki kwenye nywele zake ukadondoka juu ya shuka. "Hujambo, mwanangu?" alisema, si kwa mnong'ono wa msumeno, bali kwa sauti yake ile ile ya kila siku.

Kutoka benchi la nje akina mama wakaitikia kwa pamoja kwamba hawajambo. Muuguzi akavunjika mbavu. Na chini ya kiganja cha Kipaza, safari hii polepole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayoijua, mtoto akagonga mara moja, akatulia, akagonga tena.

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole, wakipumzika penye kivuli. Kipaza alitaka kujua kama kule kugonga kulikuwa kwa furaha au kwa woga. Sindano, aliyeyajua mateke yote ya mtoto wake kama anavyoijua mishono, angeweza kumdanganya kwa upendo. Hakumdanganya.

"Sijui," alisema. "Ninachojua ni kwamba ulipokuwa bubu tulikuwa wawili tunakungoja. Hilo lingine utamuuliza mwenyewe akija."

Mkanda mpya ulifika, na ngurumo ikarudi mtaani. Sauti nayo ikarudi nyumbani. Jioni Kipaza anamsimulia mkewe habari za foleni, kisha anainama kidogo na kumsimulia mtoto habari zile zile, ila zile za matusi anaziruka. Wakati mwingine mtoto humjibu, wakati mwingine hana hili wala lile. Kipaza huhesabu majibu yote kuwa mema, kisha akiwa peke yake huanza tena kuwa na mashaka.

Muuguzi amesema siku zimekaribia. Kwa kuwa simu haisikiki penye mashine, Sindano ametenga kipande cha kitambaa chekundu. Uchungu ukianza atakiinua, na Kipaza atavuka. Tayari ameshavuka mara moja bure, akiwa amebeba debe la mteja, kwa sababu bibi mmoja alikuwa akionyeshwa kitambaa chekundu cha gauni. Wateja wamefundishwa swichi ya mashine ilipo, ili waizime wenyewe, wasimzuie. Salamu atakayompa mtoto ameshaichagua, ni maneno mawili tu. Ukubwa wa sauti ndio bado. Amejaribu kuisema kwa namna nyingi huku mashine ikinguruma, ambapo anaamini hakuna wa kumsikia.

Asubuhi hii amesimama penye mlango, mfuko wa mtu mkononi, macho ng'ambo ya barabara. Sindano ameacha kukanyaga cherehani. Ameshika kiuno, amefumba macho, ameyafumbua. Sasa anakitafuta kitambaa.