Beseni la Rafiki

Fundi cherehani alifika wodi ya wazazi na mtoto mgongoni, mwingine wa miaka mitatu kamshika mkono, na beseni la nguo za kichanga alizozishona mwenyewe. Ni yeye aliyemleta shoga yake, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Nesi akampokea mjamzito, kisha akaziba mlango.

"Wewe ni nani wake?"

"Rafiki yake."

"Wanaingia ndugu tu."

Fundi akakaa kwenye benchi, akanyonyesha huku anachemka. Miezi tisa nani alimsindikiza kliniki? Nani alimfulia, miguu ilipovimba? Waliosema undugu ni kufaana, si kufanana, hawakumjua nesi huyu!

Punde akaja wifi wa mzazi, ananukia marashi, mikono mitupu. Akasema "wifi", akapita. Hazikutimia dakika kumi, huyo katoka mbio, kaziba masikio.

"Jamani, siwezi! Anapiga kelele mno!"

Akajibwaga kwenye benchi. Ndani, shoga alikuwa akimwita fundi. Nesi akachungulia.

"Mtoto yuko njiani. Nguo zake ziko wapi?"

Wifi akatazama mkoba wake kana kwamba zingeota humo. Fundi akampakatisha wifi mtoto wake, yule mkubwa akamkalisha kando.

"Haya, ndugu, nishikie hawa."

Akajitwika beseni, akamkabili nesi.

"Nguo ni za rafiki. Haziingii bila mwenyewe."