Paka Aliyeanguka Jumapili

Paka wetu alikuwa akianguka Jumapili. Siku nyingine aliyumba, alijikwaa, akainuka na kuendelea na safari yake. Lakini Jumapili saa kumi, kina mama wa kikundi cha sala walipoanza wimbo wa kwanza sebuleni mwetu, alitoka jikoni, akafika katikati ya chumba, miguu yake minne ikamtoka pande nne, akalala kifudifudi mbele yao huku kichwa kinatikisika. Ilitokea Jumapili nne mfululizo. Siku ya nne, kiongozi wa kikundi, ambaye sote tunamwita mama prezidente, alifunga kitabu chake cha nyimbo.

"Ile paka haipende jina ya Yesu," alisema. "Muangalie. Tunaitaja tu, inaanguka."

Wageni walipoondoka mama yangu alinikuta jikoni ninamfuta paka kidevu. Mimi huniita papa, kwa sababu nimechukua jina la baba yake.

"Papa, mwisho wa mwezi gari ya Kambove itapita. Paka itaenda kwa mujomba wako."

Mjomba anaishi huko Kambove jirani na wachimbaji wa madini, katika ua wenye mbwa watatu. Paka asiyeweza kupanda kiti hamalizi wiki pale. Mama alijua hilo kama nilivyolijua mimi. Alijua pia kwamba tangu baba afariki, hiyo sala ya Jumapili ndiyo inayojaza nyumba yake watu, na kikundi kikihamia kwa mwingine hakitarudi.

Lakini ni yeye aliyemleta paka huyo. Kwa miaka mingi mama aliuza samaki wakavu kutoka Kasenga. Asubuhi moja, walipokuwa wanapakua mzigo wake, dereva alikuta kitoto cha paka nyuma ya vikapu. Kilikuwa kimesafiri njia nzima bila mtu kujua, kinanuka samaki hadi masikioni. Mama alikichukua kwa ajili ya panya wa stoo. Alipokiweka chini nyumbani kwetu Makomeno, kilipiga hatua tatu kikapinduka.

"Gari imeilevya," alisema. "Kesho itakuwa muzuri."

Kesho ilikuwa vilevile, na mwezi uliofuata pia. Nikampeleka kwa daktari wa wanyama, mzee mpole mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Alimwinua, akamwachia, akamchezeshea kalamu mbele ya pua. Paka aliirukia kalamu kwa nguvu zote na kupiga hewa, kiganja kizima mbali nayo. Daktari akanieleza kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayopima hatua na kushika mizani ya mwili, haikukua sawasawa akiwa tumboni. Pengine mama yake aliugua akiwa na mimba. Paka mwenyewe hana maumivu. Hawezi kumwambukiza mtu. Hatapona. Na hali hii, aliniambia, haiongezeki; hilo nilimwomba alirudie.

Basi tukajifunza kuishi naye. Sahani yake ipo juu ya tofali, kwa sababu akiinama sana kichwa humvuta mpaka pua inazama ndani ya bukari, ugali wetu, na mchuzi wa dagaa wa kapenta. Anapokula ninamshika mbavu kwa viganja viwili, bila kukaza, ili tu asiyumbe. Choo chake ni karai pana la mchanga, upande mmoja nimeukata uwe chini. Kucha hatumkati, ndizo zinazomshikilia kwenye mkeka. Hajawahi kumkamata panya hata mmoja, ingawa huwavizia kwa bidii na mkia wake hutetemeka kwa hasira ya kweli.

Baada ya neno la Kambove nilibakiwa na Jumapili mbili. Nilitaka kujua kwa nini siku hiyo, kwa nini saa hiyo. Kwanza nilishuku kelele. Jumatano nikafungulia nyimbo za kanisa kwenye simu, sauti ya mwisho kabisa, paka akiwa katikati ya sebule. Alilala. Kisha nikashuku wingi wa watu. Ijumaa binamu zangu walikuja saba kwa pamoja, na paka akapita katikati ya miguu yao akiyumba kama kawaida, hakuanguka.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Juni, baridi imeshika. Asubuhi nilikuwa nimefua viatu vyangu vya raba na vilikuwa havijakauka, kwa hiyo nilikuwa nimevaa soksi tu. Nilitoka jikoni na sinia ya chai. Nilipofika katikati ya sebule, miguu ilinitoka. Vikombe vilienda mbele, mimi nikabaki nyuma, chali, mbele ya kina mama kumi na mmoja.

Halafu bibi mmoja aliyekaa pembeni, aliyezoea kusinzia, akauliza, "Na huyu naye haipende jina ya Yesu?"

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mama prezidente mwenyewe alijifuta machozi kwa kitambaa. "Simama, papa. Uko muzima? Chai yetu sasa iko wapi?"

Sikusimama. Nilikuwa natazama kiganja changu. Kilikuwa chekundu.

Kila Jumamosi jioni mama hupaka sakafu yetu ya simenti nta nyekundu ya mkebe, ambayo sisi tunaiita sira. Jumapili baada ya misa huisugua kwa kipande cha blanketi la zamani mpaka dirisha linaonekana ndani yake. Mikeka huikunja na kuiweka nyuma ya mlango, kwa sababu hakuna faida ya kung'arisha kitu kisha kukifunika. Mama wa umri wake katika mji huu, sakafu yake ndiyo uso wake. Mgeni huitazama kabla ya kumtazama mwenye nyumba. Kufikia Jumatatu mikeka imerudi, na vumbi la msimu huu usio na mvua limefanya kazi yake. Mimi nimekulia juu ya sira. Nilikuwa nimechunguza kila kitu chumbani isipokuwa kile nilichokikanyaga.

"Mama," nikasema nikiwa bado chini, "ni sira."

"Sira inafanya nini?"

"Inateleza."

"Inateleza toka siku ulizaliwa. Hukuanguka."

"Mi navaa viatu, mama. Yeye anavaa nini?"

Mama prezidente alivua kiatu kimoja, akaburuta kidole gumba sakafuni, taratibu, kama anayejaribu maji ya kuoga. "Eh. Kweli inateleza," alisema. "Lakini paka ingine zinapita hapa, haziangukake."

Nikawaeleza habari za ubongo. Sijui walisadiki kiasi gani. Walimgeukia mama, maana nyumba ni yake. Alikuwa anatazama sakafu, si mimi.

"Nitaacha njia," alisema mwishowe. "Pale ku ukuta, toka jikoni mpaka mulango. Sitaipaka sira. Lakini sikia, papa. Kama anaanguka pale kwenye haiko sira, mama prezidente alisema kweli, na anaenda Kambove."

Jumamosi iliyofuata mama alisugua ukanda huo kwa sabuni na maji ya moto hadi ukageuka kijivu, akatandika juu yake magunia aliyoyafumua na kuyashona pamoja. Sebule ilionekana kama mtu aliyenyolewa upande mmoja. Gari la Kambove lilipita bila paka. Jumapili tatu mfululizo paka alitoka jikoni akiyumba, bega likigusa ukuta, akafika mlangoni. Jumapili ya tatu kina mama walikatisha wimbo wakampigia makofi, naye akashtuka akakaa. Wiki ile nilimsikia mama akimweleza jirani mambo ya ubongo wa nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeyagundua mwenyewe.

Alhamisi iliyopita nilibaki nyumbani na mafua. Karibu saa tano paka alikuwa amelala juu ya gunia, kando ya tofali la sahani yake, hatembei, hafanyi lolote. Aliinua kichwa, shingo ikakaza upande mmoja, taya zikaanza kugongana, miguu yote ikapiga hewa kama anaogelea. Mate yalimtoka. Mguu mmoja uliangusha sahani kutoka kwenye tofali. Nilihesabu hadi arobaini ndipo akatulia. Alitazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akaenda kutafuta chakula.

Mama alikuwa uani anaanika mihogo. "Papa, nini imeanguka?"

"Sahani tu, mama."

Nilimpigia daktari. Yuko Kasenga anachanja mbwa, na simu ilikatika kabla hatujamaliza. Alisema hii si ile hali ya kuzaliwa. Ni kitu kingine, au huenda si kitu. Aliuliza swali moja tu: ni mara ya kwanza?

Sijui. Siku za kazi paka hushinda na mama peke yake. Wa kumuuliza ni mama, na kumuuliza ni kumwambia kilichotokea pale pasipo sira; mpaka leo sijamuuliza.