Mipira ya Wakubwa

Mtunza stoo wa chumba chetu cha upasuaji tulimwita Komeo. Ufunguo wa kabati lake aliuvaa shingoni, ndani ya shati, utadhani hata kitambi chake mwenyewe kilikuwa mwizi.

Mimi naendesha mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu mgonjwa akipasuliwa. Damu inatoka mwilini, inapita kwenye mipira, inarudi. Mipira ya kawaida inaishtua damu. Mgonjwa anavimba, anachelewa kuamka. Mingine imepakwa utando ndani, na damu inapita humo bila kujua imetoka nyumbani. Hiyo ndiyo Komeo aliyoifungia.

"Hii ya wakubwa," aliniambia kila nilipoomba. "Akija waziri utampa nini?"

Waziri gani? Mawaziri wakiumwa moyo hupanda ndege. Walikuja walimu na mafundi cherehani, wakavimba nyuso hadi watoto wao wakawapita kitandani bila kuwatambua. Komeo naye akipangusa maboksi yake vumbi. Nilimchukia, nasema kweli.

Kisha moyo wa mama yake mzazi ukagoma. Daktari akasema apasuliwe haraka, ila kwa umri ule, mapafu yakivimba huenda asiamke. Komeo akaja mbio, ufunguo mkononi.

"Mchukulie mama yote!"

Nikageuza boksi la kwanza: muda wake umekwisha. La pili, hivyo hivyo. Mpaka la mwisho, yote yalikuwa yameharibikia kabatini, safi yanang'aa.

"Si imepita miezi tu, jamani?"

"Simwekei mama yako mipira iliyokwisha muda."

Tukatumia ya kawaida. Mama akavimba, akang'ang'ania mashine ya kupumulia kwa siku nyingi, mwanawe akilia koridoni bila haya. Alipona kwa taabu.

Nilikwenda kwao kumjulia hali. Komeo akafungua kabati la sebuleni, akanitolea kikombe cha kaure chenye maua, kwa kuwa mimi mgeni. Mama akapewa chai kwenye kikombe cha plastiki kilichomeguka ukingo.

"Hivyo vya maua nilivinunua nilipoolewa," mama akaniambia, sauti bado inakwaruza. "Sijanywea hata kimoja. Huyu nilimfundisha mwenyewe." Akamgeukia mwanawe. "Leo nimiminie humo, baba."

Komeo akasita, mkono kwenye mlango wa kabati. "Lakini mama, si vitavunjika?"

"Vivunjike mkononi mwangu."