Daktari Aliponiandikia Chapati

Niliacha ngano kwa sababu ya video ya dakika tisa. Jamaa mmoja mwenye kifua kipana na meno meupe alisema tumbo likijaa gesi, mkosaji ni gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike. Tumbo langu lilikuwa limejaa gesi. Nina digrii mbili, lakini hakuna hata moja iliyoinua mkono kuuliza swali.

Ningeacha kimya kimya kama mtu mzima. Badala yake nilisimama mbele ya mama anayetuuzia chapati hapa Kayole, wateja wakiwa kwenye foleni, nikatangaza kwamba ngano ni sumu. Akageuza chapati yake taratibu.

"Sawa, prof. Sasa sogea, unawazibia njia wanaotaka sumu."

Miezi mitatu nikala viazi vitamu na majivuno.

Kisha dada yangu, anayekaa mtaa wa Fedha, akapimwa. Kwa miaka alikuwa akikonda, akiharisha, akiishiwa damu, na sisi tukimwambia apunguze mawazo. Kumbe ana seliaki: akila ngano, shayiri au ile nafaka iitwayo rai, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyepaswa kuacha gluteni, maisha yake yote, hadi makombo. Na kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kuzunguka ndani ya familia, daktari akataka nami nipimwe.

Hapo nikaogopa kweli. Kuacha chapati kwa hiari ni maringo. Kukatazwa hadi kaburini ni jambo lingine kabisa.

Nikamweleza daktari, kwa fahari, kwamba mimi tayari nimeacha. Akaweka kalamu chini.

"Nani alikwambia uache?"

Nilitamani kusema ni mtaalamu. "Video," nikasema.

Akanieleza polepole. Kipimo kinatafuta kwenye damu dalili za mwili unaopigana na gluteni. Usipoila, vita vinapoa, na kipimo kinaweza kusema uko sawa ilhali si kweli. "Utarudi kula. Chapati mbili kila siku, wiki sita. Ukizidiwa, njoo." Akaandika kwenye karatasi, akatia sahihi.

Nilitoka pale nikirukaruka kama mwanafunzi siku ya kufunga shule. Ndipo nikakumbuka ni nani atakayenipikia hiyo dawa.

Mama wa chapati aliniona nikiwa mbali. "Niaje, prof! Umepotea njia?"

"Naomba mbili."

"Mbili za nini? Hapa tunauza sumu."

Nikatoa karatasi. Akafuta mikono, akaisoma kwa sauti, foleni nzima ikisikiliza. Fundi mmoja wa kuchomelea akauliza daktari huyo anapatikana wapi, maana yeye pia hajisikii vizuri. Mama akataka kuibandika kibandani. Tuliing'ang'ania hadi ikapata doa la mafuta. Kwa wiki sita alinipokea akipaza sauti, "Dozi ya prof iko tayari!" Sijawahi kuwa mgonjwa mwenye furaha kiasi hicho.

Majibu yakaja: sina. Na ile gesi? Daktari aliniuliza ninakula nini jioni. Nikataja madondo, yale maharagwe ya kibandani, na vikombe vitatu vya chai ya maziwa. Hakuhitaji kunitoa damu tena.

Nikakimbia Fedha kumwambia dada. Alinikumbatia, akacheka, halafu akaniachia.

"Unajua nilitamani uwe nayo? Kidogo tu. Nipate mwenzangu."

Jumapili iliyofuata nikaenda kwake mapema kumpikia wali na kuku, kwenye sufuria aliyoifunga uzi mwekundu ili isiguswe na unga wa ngano. Nikanyoosha mkono kuuchukua mwiko.

"Umekula chapati leo?"

"Dozi iliisha."

"Hilo si jibu, bro."

"Moja."

"Kanawe. Hadi kwenye viwiko."

Nikanawa mara mbili, kwa sabuni, nikiimba.